SARAFU ZA FEDHA ZA WAFALME WA RUMI, NA HABARI ZA FEDHA KATIKA ARUA NA KOBOKO

Kila siku ya Ijumaa, katika misikiti ya Arua na Koboko, husomwa Sura ya Pango. Humo imo habari ya wale vijana walioikimbia dhuluma ya watu wao, wakalala pangoni miaka mingi kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, kisha wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakaona njaa. Wakamtuma mmoja wao aende mjini na sarafu yao ya fedha, atafute chakula kilicho safi, awe mpole katika mwendo wake, wala asimjulishe mtu yeyote habari zao.

Wasomaji wengi huustaajabia usingizi ule, na kwa haki wastaajabu. Lakini ni wachache wanaoitazama ile sarafu. Na lau si sarafu ile, habari yao isingalijulikana mjini. Wafasiri wasimulia ya kwamba mwenye duka alipoipokea aliigeuza huku na huku, akampa jirani yake naye aitazame, kisha watu wakakusanyika. Wakadhani kijana yule amefukua hazina, wakataka awaonyeshe mahali pake. Kumbe yeye alitoa fedha ya halali iliyokuwa mfukoni mwake tangu jana, kwa hesabu yake. Kosa la fedha ile lilikuwa moja tu: ilikuwa na uso wa mfalme aliyekwisha kufa zamani.

Mfalme huyo ni nani? Qurani haikumtaja jina, wala haikuutaja mji. Wapokezi wa habari za kale ndio wasemao ya kwamba alikuwa Dakyanusi, naye ndiye Warumi waliyemwita Decius, aliyetawala tangu mwaka 249 hata 251, akawaamrisha watu wote wa dola yake watoe dhabihu mbele ya masanamu. Mji wausema kuwa ni Afsusi, yaani Ephesus, ambao magofu yake yako katika nchi ya Uturuki. Na kuamka kwao wakuweka katika zama za Theodosius wa Pili, aliyetawala tangu 408 hata 450. Haya ni maneno ya wasimulizi, na elimu ya hakika iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini jambo moja halina shaka: fedha za Decius zipo hata leo. Zilifukiwa kwa maelfu wakati wa vita, zikafukuliwa, na watu wenye kukusanya sarafu za kale katika Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei isiyo kubwa sana.

Mtu akiitia mkononi sarafu hiyo, aona kitu chembamba, kikubwa kidogo kuliko sumni ya zamani ya Afrika ya Mashariki, na uzito wake wakaribia uzito wa sumni hiyo, kama gramu 4. Upande mmoja pana uso wa mfalme amevaa taji yenye miali kama ya jua. Kuuzunguka uso huo yako maandishi ya Kirumi yaliyokatwakatwa: IMP ni amiri jeshi, AVG ni mtukufu, kisha jina lake. Upande wa pili aghalabu pana sura ya mwanamke aliyeshika pembe ya neema au mizani, na Warumi walimfanya kuwa ni alama ya Neema au ya Uadilifu. Hivyo ndivyo wafalme wa Rumi walivyozungumza na raia wao. Hapakuwa na gazeti, na wengi hawakujua kusoma, basi sarafu ndiyo iliyokuwa khutuba ya mfalme, ikaingia katika kila nyumba. Msomaji asisahau ya kwamba hata katika dola za Kiislamu kutajwa katika khutuba na kutiwa jina katika sikka yalikuwa mambo mawili yaliyomtambulisha mtawala.

Hata neno lenyewe limetoka huko. Dinari ni denarius ya Warumi, maana yake “yenye kumi”, kwa kuwa hapo mwanzo ilikuwa sawa na sarafu kumi za shaba. Walianza kuipiga kadiri ya mwaka 211 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, nayo ilikuwa ya fedha, si ya dhahabu. Baadaye Waarabu walilitumia jina hilo kwa dhahabu ya Rumi, na fedha wakaiita dirhamu, kutokana na drakma ya Wayunani kwa njia ya Waajemi. Katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, watu wa Makka walinunua na kuuza kwa dhahabu za Rumi na fedha za Uajemi, zenye sura za wafalme wasiokuwa Waislamu. Ilikuwa khalifa Abdulmalik bin Marwan, kadiri ya mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697, aliyeziondoa sura hizo akapiga dinari yenye maneno matupu ya tauhidi, na miaka miwili baadaye dirhamu za fedha zikafuata.

Ama Kiswahili kimehifadhi siri nyingine. Neno “fedha” lina maana mbili: madini meupe, na mali ya kununulia. Hapo kale mambo mawili hayo yalikuwa jambo moja. Msiba wote unaosimuliwa hapa ulianza siku yalipotengana.

Yalitengana Rumi kwanza. Kaizari Augustus alipiga dinari yenye uzito wa karibu gramu 3.9, nayo ilikuwa karibu fedha safi. Huyu Augustus mwenyewe, yasimuliwa, alipenda kuwapa rafiki zake sarafu za kale na za nchi za mbali siku za sikukuu, basi kazi ya kukusanya sarafu si mchezo wa juzi. Mwaka 64 Kaizari Nero aliona mali yake haitoshi. Ratili moja ya fedha iliyokuwa ikitoa dinari 84 akaifanya itoe 96, tena akatia shaba ndani. Uso wake haukupungua ukubwa, ila fedha iliyokuwa chini ya uso ndiyo iliyopungua. Waliomfuata walijifunza kwake. Kufika zama za Septimius Severus, mwanzo wa karne ya tatu, dinari ilikuwa nusu shaba. Mwanawe Caracalla, mwaka 215, alileta sarafu mpya yenye taji ya miali, na wataalamu waona ya kwamba iliamriwa kuhesabiwa dinari mbili, hali uzito wake ulikuwa dinari moja na nusu. Hiyo ndiyo namna ya sarafu aliyoipiga Decius, na katika zama zake fedha ndani yake haikufika nusu. Zimeonekana hata sarafu zake zilizogongwa juu ya dinari za wafalme waliotangulia, na ukitazama vizuri waona pua ya mfalme wa zamani chini ya shavu la mfalme mpya. Kufika mwaka 270 sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na sehemu mbili au tatu tu za fedha katika mia, imepakwa weupe juu, na weupe huo ulitoka kwa kushikwashikwa. Askari walidai mishahara zaidi, wauza ngano walipandisha bei, na mwaka 301 Diocletian akatoa amri ya kuweka bei ya kila kitu, tangu ngano hata viatu. Amri haikufaa kitu, kwa maana wauzaji walizificha bidhaa.

Sasa msomaji wa Arua atauliza: yatuhusu nini mambo ya Rumi? Asitarajie mtu kuifukua dinari ya Kaizari chini ya mwembe wa Koboko. Lakini Warumi walijaribu kuja. Nero yule yule aliyeiharibu dinari alituma maakida wawili wa jeshi lake wapande Mto Nile watafute chanzo chake, kadiri ya mwaka 61 au 62. Walipita Nubia na Meroe, wakaendelea mpaka wakafika kwenye mabwawa makubwa yaliyofungwa na majani, mahali ambapo chombo hakipiti wala mguu haupati pa kukanyaga. Wakarudi. Wataalamu wengi wasema mabwawa hayo ndiyo yale yaitwayo Sudd katika Sudani ya Kusini. Nayo yaliifunga njia ya kaskazini kwa muda wa miaka elfu na mia saba na zaidi. Fedha ya Rumi ilikwenda Misri, Arabuni na Bara Hindi, na majahazi yake yalifika hata pwani ya Azania, ambayo ni pwani hii ya Waswahili, yakileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Lakini nchi ya Nile ya juu ilibaki na hesabu zake za ng’ombe, mbuzi, majembe na mishale.

Mlango ulifunguliwa baina ya miaka 1839 na 1842, wakati Selim Kaptan, aliyetumwa na Muhammad Ali wa Misri, alipoyapenya mabwawa yale hata karibu na Gondokoro. Waliomfuata walikuwa wafanyi biashara ya pembe za ndovu, na baada ya pembe, watu. Haifai kulificha hili katika kijitabu cha Waislamu. Wenyeji walipewa ushanga na pete za shaba, na wengine hawakupewa kitu ila minyororo. Fedha nyeupe ilibaki kwa wenye bunduki na mabwana zao wa Khartoum. Basi sarafu ya kale ya zama hizo, ikiwa imo katika sanduku la mtu, si pambo tu. Huenda ililipwa kwa machozi.

Fedha iliyojulikana kuliko zote katika njia hiyo ilikuwa reale ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyu alifariki mwaka 1780, na tangu hapo kila reale yake imeandikwa mwaka huo, hata zile zilizopigwa miaka mia na hamsini baadaye katika Vienna, London, Bombay na miji mingine. Wafanyi biashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Sudani waliikataa reale nyingine yoyote. Walihesabu nukta za lulu katika kifungo kilicho begani pake, wakaipima, ndipo wakaipokea. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu elfu, sehemu 833 ni fedha safi. Haikubadilika. Hapa pana ajabu: Malkia mwanamke, Mkristo, wa nchi isiyokuwa na askari hata mmoja katika Afrika, sura yake ilipokewa na Waislamu na wasiokuwa Waislamu tangu Harar hata Unguja kwa sababu neno lake na fedha yake vilikuwa kitu kimoja.

Linganisha na habari ya Omdurman. Mahdi alipoiteka Khartoum tarehe 26 Januari 1885, alipiga sarafu za dhahabu na fedha nzuri. Khalifa Abdullahi aliyemfuata alikuwa na vita pande zote, naye akafanya kama walivyofanya wafalme wa Rumi. Mwaka baada ya mwaka reale yake ilizidi shaba, hata mwisho ilikuwa shaba iliyopakwa fedha. Juu yake palikuwa pameandikwa neno “makbuli”, yaani yenye kukubaliwa. Sarafu iliyo safi haihitaji kuandikwa hivyo.

Kuanguka kwa Khartoum kuliikata njia ya Emin Pasha, liwali wa Ikweta, na mwaka huo huo akahamia kusini mpaka Wadelai, ukingo wa magharibi wa Mto Nile. Askari wake Wasudani, ambao ni katika mababa wa Wanubi wa Uganda, walikaa miaka bila ya mshahara. Walilima pamba wakafuma kitambaa cha damuri, na kitambaa hicho kikawa vazi. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889. Wengi walibaki, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawakuta Selim Bey na watu wake karibu na Ziwa Albert akawachukua. Wengine walikwisha kutawanyika pande za Wadelai. Ndiyo sababu hata leo katika Kinubi mali ya kununulia huitwa “gurush”, ambayo ni kirushi cha Misri. Mshahara ulikwisha lakini jina lake lilibaki.

Kisha nchi hii ilibadilisha mabwana kwa upesi wa ajabu. Kwa mkataba wa mwaka 1894 sehemu ya Lado alikodishwa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, na askari wake waliwatoa Mahdiya katika Rejaf mwezi wa Februari 1897. Fedha yake ya faranga tano ilikuwa na uso wake wenye ndevu ndefu. Alikufa Desemba 1909, na mwaka 1910 nchi ikawa ya Sudani, na fedha ikawa ya Misri. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa katika Uganda, mji wa Arua ukaanzishwa, na A. E. Weatherhead akawa Bwana Shauri wa kwanza. Fedha ikawa rupia ya Hindi. Mtoto aliyezaliwa Koboko kabla ya 1897, akiishi miaka ishirini na mitano, alikuwa ameona nyuso za watawala mbalimbali bila ya kutoka kijijini kwake hata hatua moja.

Rupia ilikuwa fedha ya kweli. Ilipima tola moja, yaani gramu 11.66, na sehemu kumi na moja katika kumi na mbili zilikuwa fedha safi. Palikuwa na kisa kimoja katika rupia ya Mfalme George wa Tano iliyotoka mwaka 1911. Tembo aliyechorwa katika vazi lake alikuwa mdogo na mfupi wa mkonga, watu wa Bara Hindi wakamwona ni nguruwe, Waislamu wakachukia, na mwaka uliofuata mchoro ukasahihishwa. Hata leo wakusanyaji huitafuta rupia ile ya 1911 kwa sababu ya nguruwe asiyekuwapo.

Mwaka 1920 serikali za Afrika ya Mashariki ziliiacha rupia zikaleta florini. Uzito wa florini ulikuwa ule ule wa rupia, hata mtu akiipima mkononi hakuona tofauti. Lakini fedha ndani yake ilikuwa nusu. Kisha ikaja shilingi yenye simba mbele ya milima, yenye tarehe ya 1921 na kuendelea, gramu 7.78, na robo tu ndiyo fedha. Na sumni, ile ambayo uzito wake ni kama uzito wa dinari ya Augustus, ilikuwa na robo ya fedha vilevile. Kuanzia sarafu zenye mwaka 1948 hata robo hiyo iliondolewa, ikawa shaba na nikeli. Kazi iliyowachukua wafalme wa Rumi miaka mia mbili, Waingereza waliimaliza katika miaka ishirini na minane. Haki yataka kusemwa ya kwamba shilingi hiyo haikudharauliwa kama sarafu za Rumi. Ilinunua nguo na ng’ombe, na vijana wa Kilugbara na Kikakwa waliokwenda kukata miwa Lugazi na Kakira waliirudisha nyumbani wakalipia kodi na mahari. Iliaminiwa kwa sababu serikali iliyoiandika iliweza kuilipa.

Hata mwaka 1966 ikaja Benki ya Uganda na fedha zake. Kuanzia 1973 noti zilikuwa na sura ya Idi Amin Dada, mtu ambaye asili ya baba yake ni Koboko. Wapo waliojivuna kuiona sura hiyo sokoni Arua. Aprili 1979 alipinduliwa, na noti zenye sura yake zikaondolewa katika matumizi. Mwezi wa Oktoba 1980 vita vikaingia Koboko na Arua, nyumba zikachomwa, na watu wa West Nile kwa mamia ya maelfu wakavuka mipaka, hawa wakaelekea Sudani, hawa Zaire. Mtu akimbiapo usiku huchukua mtoto, sufuria, na kilichofungwa katika pembe ya nguo. Waliofunga noti walifunga karatasi, na waliofunga reale au rupia ya bibi zao walifunga fedha.

Waliporudi, wengi wao kuanzia mwaka 1986, waliikuta nchi nyingine. Mwezi wa Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha: shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya, na katika kubadilisha, thelathini katika mia zilikatwa. Mwenye kurudi baada ya hapo na noti zake za zamani, akaenda sokoni kununua muhogo, alikuwa katika hali ya yule kijana wa pangoni. Muuzaji aliigeuza noti huku na huku. Kijana wa pangoni, hata hivyo, alikuwa na fedha, na mwenye duka angeliweza kuiyeyusha akapata kitu. Noti haiyeyushwi.

Na ng’ambo ya Koboko mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mwaka 1992 Sudani iliiacha pauni yake ikarudisha jina la kale, dinari, kila dinari moja kwa pauni kumi. Jina la fedha ya Augustus likaonekana juu ya karatasi katika mipaka ya West Nile, na mwaka 2007 likaondoka tena. Mwaka 2011 ikatoka pauni ya Sudani ya Kusini. Mfanyi biashara wa Oraba aliyefanya kazi miaka hiyo yote aweza kuyasimulia haya vizuri kuliko kitabu chochote.

Kutokana na haya yafahamika kwa nini reale, rupia na faranga zilizo katika masanduku ya wazee zina thamani ambayo haiko katika mizani. Nyaraka nyingi za nchi hii ziliungua au zilipotea katika miaka ile. Si kila ukoo una cheti, picha au barua ya kuonyesha ya kwamba babu alikuwa askari wa Misri, au alikuwa mchukuzi wa Wabelgiji, au alipokea mshahara wa rupia. Sarafu iliyotobolewa ikavaliwa shingoni mwa bibi harusi yaweza kuwa ndiyo karatasi ya pekee iliyobaki. Nayo huuzwa. Huja mnunuzi na mizani yake ndogo, huuliza kama kuna fedha za kale, hupima, hulipa kwa gramu, kisha zote huingia katika chungu kimoja cha moto zikatoka bangili. Mnunuzi hakuiba, alilipa. Ila alinunua madini, na mwenye kuuza aliuza ushahidi.

Yafaa pia kuwaambia vijana ukweli upande wa pili, wasije wakadanganyika. Reale ya 1780 si nadra, kwa kuwa zilipigwa kwa mamilioni mengi, na rupia nyingi za Edward na George ni za kawaida vilevile. Hazimtajirishi mtu. Hata dinari za wafalme wengi wa Rumi si adimu, na za uongo zimejaa. Mwenye kuuziwa “fedha ya Kaizari” njiani na aitazame kingo zake. Iliyomiminwa katika kalibu huwa na mstari ukingoni na vitundu vidogo kama vya mkate, na ile iliyogongwa kwa nyundo huwa na kingo zilizopasuka na uso usiokuwa katikati. Wala asiisugue kwa majivu na limau ing’are. Weusi wa fedha ya kale ni ngozi yake, na anayeichuna hupunguza thamani yake na kufuta maandishi.

Tena ziko hukumu za sheria, na hizi ndizo zinazomlazimu Mwislamu kujua kilichoandikwa juu ya sarafu kabla ya kuiyeyusha. Kwanza ni zaka. Mwenyezi Mungu amewatisha wenye kulimbika dhahabu na fedha bila ya kuzitoa katika njia yake, na imepokewa kwa Ibn Umar ya kwamba mali iliyotolewa zaka si ile hazina iliyolaaniwa. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo kwa hesabu mashuhuri ni gramu 595 za fedha safi. Kwa Mashafi, fedha iliyochanganywa haihesabiwi mpaka usafi wake ufike kiasi hicho. Basi reale 26 zafika nisabu, kwa kuwa kila moja ina gramu 23.39 za fedha safi. Rupia zinatakiwa 56. Shilingi za simba zenye robo ya fedha zinatakiwa kama 306, na zile za 1948 na baadaye hazina fedha ya kuhesabiwa kabisa. Dinari njema za Augustus zingalitosha kama 160, lakini za Decius zingalihitajika zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwa njia hii zaka yenyewe huufunua udanganyifu wa mfalme, kwa maana haitazami uso uliochorwa, yatazama kilicho chini yake. Ama pambo la mwanamke lililo halali, la kawaida, analolivaa, halina zaka kwa Mashafi na Wamaliki, na Mahanafi wakaiwajibisha.

Pili ni hukumu ya kilichofukuliwa. Mtu akichimba msingi au shimo akapata chungu cha fedha katika ardhi isiyo na mwenyewe, wanazuoni hutazama alama. Zikiwa na majina ya wafalme wa zama za kabla ya Uislamu, hiyo ni rikazi, hutolewa khumusi, sehemu moja katika tano, na zilizobaki ni za aliyezipata. Zikiwa na aya au jina la mfalme wa Kiislamu, huhesabiwa kuwa ni mali ya Mwislamu iliyopotea, hutangazwa mwaka mzima kama kiokotwa kingine. Katika ardhi yenye mwenyewe, haki ya mwenye ardhi hutangulia. Hukumu yote yategemea maandishi yasiyozidi upana wa ukucha. Aliyeyasugua yakafutika, au aliyeyeyusha kabla ya kuuliza, ameifuta hukumu pamoja nayo.

Kwa hiyo wazee wenye sarafu hizi wameombwa wasizifiche wala wasiziuze kwa haraka. Si lazima zitoke nyumbani. Kinachotakiwa ni daftari moja, na mizani ya dawa, na kijana mwenye hati nzuri. Kila sarafu ipimwe gramu, pande zake mbili ziandikwe kama zilivyo, hata herufi zisizofahamika zichorwe kwa umbo lake, na tundu likiwapo litajwe. Kisha chini yake ziandikwe habari za mwenyewe: nani aliileta nyumbani kwanza, alikuwa na kazi gani, na ikiwa ilivuka mpaka, ilifungwa katika nguo ya nani, ikaondoka Koboko mwaka gani, na ikarudi mwaka gani.